Pikipiki Iliyobaki Mombasa



Wasomaji wa ukurasa huu wametuzoea kwa mambo ya nyumba na malezi. Juma hili tunaomba radhi, kwani tutazungumza juu ya pikipiki, petroli na kabureta. Aliyekwisha kuukunja ukurasa kwa kudhani kwamba hayo ni ya mafundi na vijana, twamsihi aukunjue tena. Kisa chenyewe kilianzia kwenye bangili za mwanamke, kikapita jikoni, kikaishia kwenye deni la mwanamke mwingine. Na kosa kubwa lililomo lilikuwa letu sisi.

Dada yetu ni mjane, anaishi Mombasa. Mwanawe wa kiume ni mmoja tu. Kijana huyo aliitwa na rafiki yake aliyesoma naye, akaambiwa kwamba huko Kaptagat, upande wa Eldoret, wafugaji wana maziwa mengi na wachukuzi ni wachache. Akaenda, na mkewe, binti wa Kisauni, akamfuata. Kazi yao ilihitaji pikipiki, tena si ile ya mjini, bali ile iliyoinuliwa juu, yenye tairi za meno, inayoweza kupita kwenye matope na mawe. Dada yetu aliuza bangili zake mbili za dhahabu, akaongeza zamu yake ya chama, wakapata pikipiki iliyotumika hapa hapa Mombasa kwa shilingi 110,000. Ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa bara mwezi wa Machi.

Tangu siku ya kwanza ilikuwa nzito. Mpwa wetu alidhani ni mzigo wa mikebe ya maziwa. Ilikunywa petroli kuliko ilivyokuwa ikinywa Mombasa, na kila ilipopanda kilima ilitoa moshi mweusi. Alivumilia. Kisha mvua za masika zikaja, na pikipiki ikaanza kuzimika njiani. Huenda kidogo ikakohoa, ikafa. Akingoja huwaka tena, halafu hufa mbele kidogo.

Hapo ndipo alipotupigia simu. "Mjomba," alisema, "pikipiki inakufa njiani, na maziwa yananichachia mgongoni."

Tukamuuliza petroli anainunua wapi. Akasema kwa mama mmoja mwenye kibanda kando ya barabara, anayeuza kwa chupa na kwa mtungi, kwa sababu kituo cha mafuta kiko mbali na njia yake ya alfajiri. Nasi, tukiwa tumekaa barazani kwetu baada ya swala ya alasiri, kahawa mkononi, tukatoa hukumu. Tulisema, "Basi umeshapata jibu. Huyo anakuchanganyia mafuta ya taa."

Hatukuwa tumeiona pikipiki. Hatukuwa tumemwona huyo mama wala kunusa petroli yake. Tulichokuwa nacho ni habari tulizozisikia miaka mingi kuhusu wachanganyaji, na habari hizo zilikuwa na asili. Katika nchi yetu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli na petroli, na wenye tamaa waliyachanganya ili kupata faida. Akina mama watakumbuka mwaka 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na tamaa hiyo ikatike. Tozo hiyo iliwafikia hata wale ambao kazi yao ilikuwa kupikia na kuwashia taa tu. Kwa hiyo uchanganyaji ulikuwapo. Lakini kuwapo kwa wezi sokoni hakumfanyi kila mwenye duka kuwa mwizi, na hilo tulilisahau.

Neno letu halikubaki kwenye simu. Mpwa wetu alilibeba hadi steji ya bodaboda. Wenzake walipomuuliza ana uhakika gani, alijibu, "Mjomba wangu ni sheikh, yeye ndiye aliyesema." Tulipoyajua hayo baadaye tuliona haya. Kilemba chetu kiligeuzwa ushahidi katika jambo tusilokuwa na elimu nalo. Waendeshaji wawili wakaacha kununua kwa yule mama. Mpwa wetu naye akaacha kumlipa deni la shilingi 2,340, akisema hawezi kulipia mafuta ya taa kwa bei ya petroli.

Pikipiki iliendelea kufa. Alianza kununua petroli Eldoret kwenye kituo kikubwa, na bado ikafa. Hilo hakutuambia. Maziwa yakakataliwa mara mbili kwa kuchelewa, na dada yetu akatujia nyumbani akilia, akisema pikipiki iuzwe kwa bei yoyote kabla haijawa chuma chakavu. Dhahabu yake ilikuwa imefungwa ndani ya ile injini. Tukamwambia asubiri, tutakwenda wenyewe.

Tulipanda treni hadi Nairobi, kisha basi hadi Eldoret, mji ambao wenyeji wake bado wanauita Sisibo, kutokana na ile namba 64 ya zamani. Kutoka hapo tukachukua matatu kwenda Kaptagat. Mtu wa pwani akifika huko huona kwanza baridi, halafu misonobari iliyosimama safu safu, halafu watu wanaokimbia. Hapo ndipo Eliud Kipchoge alipofanyia mazoezi miaka mingi, yule aliyekimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Tulipanda kilima kidogo cha kuelekea nyumbani kwa mpwa wetu tukiwa na mkoba mmoja tu, tukalazimika kusimama mara tatu kutafuta pumzi. Kijana alitucheka kwa adabu. "Pole, mjomba. Huku hewa ni chache. Utazoea."

Usiku ule chakula kilichelewa sana. Mke wa mpwa wetu alikuwa ameinjika maharagwe tangu adhuhuri, na swala ya isha ikapita yakiwa bado yanasumbua meno. Akatuomba radhi. "Usinihesabie uvivu, mjomba. Maharagwe ni yale yale, moto ni ule ule, lakini huku hayaivi kama kwetu. Maji yanachemka mbele ya macho yangu, yanafoka, na bado hayapiki." Tulimwambia hakuna lawama, tukala. Hatukujua kwamba ametupa jibu la pikipiki.

Asubuhi, baada ya maziwa kupelekwa kwa pikipiki ya kukodi, sisi na mpwa wetu tuliisukuma ya kwake hadi kwa fundi mmoja senta. Ni mtu mzima, mpole, mwenye vifaa vichache alivyovipanga juu ya gunia. Tulimweleza habari ya mafuta ya taa kwa uhakika wote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani aliyafungua akayaona?" Tukanyamaza.

Alianza na plagi. Aliifungua akatuonyesha ncha yake, nyeusi tititi kwa masizi makavu, kama sufuria iliyopikiwa kuni. Alisema plagi ni shahidi asiyepokea hongo. Ikiwa na rangi ya kahawia kama mdalasini, injini inakula sawasawa. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na injini inaungua kwa joto. Ikiwa imelowa, petroli imejaa bila kuwaka.

Kisha akachomoa mpira unaotoka kwenye koki ya tangi, akauelekeza kwenye chupa angavu, akafungua koki. Petroli ikatiririka. Akaiweka chupa kivulini, akatuambia tuitazame huku akiendelea na kazi nyingine. Baada ya dakika chache tuliona chini ya petroli matone yaliyojikusanya kama shanga, yakiviringika kila chupa ilipoinamishwa, na kando yake vumbi jekundu. "Hayo matone ni maji," alisema. "Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mdomo wa koki uko huko huko chini. Hilo jekundu ni kutu."

Mpwa wetu akasema kwa haraka, "Si nilikuambia, mjomba? Amenitilia maji!"

Fundi hakumjibu. Alimtuma mwanafunzi wake kwa yule yule mama, akanunue petroli kidogo kwenye chupa safi bila kusema ni ya nani. Ilipoletwa, aliiweka kando ya ile ya kwanza. Ilikaa angavu juu hadi chini, bila tone la maji. Akachukua karatasi nyeupe, akadondosha tone moja la petroli ya yule mama, na pembeni yake tone la petroli ambayo mpwa wetu aliinunua kituoni Eldoret na kuiweka akiba. Petroli safi huruka upesi na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa, ilhali mafuta ya taa hukawia na kuacha doa la ute. Matone yote mawili yaliruka, na karatasi ikabaki nyeupe. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kilitosha kuonyesha kwamba hatukuwa na ushahidi wowote.

Maji yalitoka wapi basi? Fundi alikifungua kifuniko cha tangi, akakigeuza. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umepasuka. Pikipiki ililala nje, chini ya ukingo wa paa, na mvua ya masika ilidondoka juu yake kila usiku. Aidha, mpwa wetu alikuwa na desturi ya kuiacha usiku ikiwa na petroli kidogo ili isiibwe, na katika baridi ya Kaptagat hewa iliyomo ndani ya tangi tupu hutoa umande ukutani, nao huchuruzika ukawa maji na kuzaa kutu. Mwizi tuliyemtafuta kibandani kwa watu alikuwa juu ya paa letu.

Baada ya hapo akafungua kabureta. Tungependa akina mama nao wakijue chombo hiki, kwani si kigumu. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo, kama mpishi apimavyo tui na maji ya wali. Kwa kila gramu 1 ya petroli, injini huhitaji takriban gramu 15 za hewa. Chini yake kuna bakuli dogo la petroli. Ndani ya bakuli kuna boya linaloelea, na boya likipanda huifunga sindano inayoruhusu petroli kuingia, kama boya la tangi la chooni. Petroli hupanda kutoka kwenye bakuli kupitia vitundu vyembamba viitwavyo jeti: jeti ndogo hulisha injini inaponguruma polepole, na jeti kubwa huilisha inapovutwa kwa nguvu. Hewa inayopita kwa kasi ndiyo huinyonya petroli.

Ndani ya bakuli mlikuwa na tope jekundu na maji. Jeti ndogo ilikuwa imeziba nusu. Fundi aliisafisha kwa petroli na kwa uzi mwembamba wa nailoni, kisha akaipuliza kwa pampu. Alitukataza kutumia waya wa chuma, kwa sababu jeti ni ya shaba laini, na waya hupanua tundu na kuharibu kipimo chake milele. Chujio la hewa lilikuwa sponji iliyoshiba vumbi. Akaiosha kwa sabuni, akaikausha, akaipaka oili kidogo, akaikamua.

Tulidhani kazi imekwisha. Pikipiki iliwashwa na haikuzimika tena. Lakini mpwa wetu alipoipandisha kilima ilikuwa bado nzito, na ule moshi mweusi ukatoka vile vile. Fundi akamwuliza aliinunua wapi. Akasema Mombasa. Akauliza kama kuna yeyote aliyebadilisha jeti tangu ifike. Hakuna. Fundi akacheka, akaipiga tangi kofi. "Hii pikipiki bado iko Mombasa," akasema. "Mwili umekuja, kabureta imebaki huko."

Akatufafanulia. Mombasa iko usawa wa bahari. Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu yake, na Kaptagat hukaribia mita 2,400. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito. Katika kimo hicho shinikizo la hewa ni takriban robo tatu tu ya lile la pwani. Lakini kitundu cha jeti hakijui kwamba kimehama. Kinaendelea kutoa petroli karibu ile ile ya Mombasa, ilhali hewa ya kuiunguza ni pungufu. Petroli isiyopata hewa haiungui vyema. Hugeuka masizi kwenye plagi na moshi mweusi nyuma, na nguvu hupotea. Wanariadha wanapanda huko makusudi ili miili yao ijifunze kuishi na hewa hiyo kidogo. Mwili una uwezo wa kujifunza. Kabureta haina, hufundishwa kwa mkono wa fundi.

Hapo tukakumbuka maharagwe. Tulimsimulia fundi, naye akasema ni jambo lile lile. Hewa inapobonyeza kidogo, maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi, na katika kimo cha Kaptagat huchemka kwenye takriban nyuzi 92. Yanafoka kwa macho, lakini si ya moto kama ya kwetu, kwa hiyo maharagwe hukawia. Mke wa mpwa wetu alikuwa ameliona jambo hilo kwa miezi mitatu, kila siku, kwenye chungu chake. Hakuna aliyemwuliza, na sisi tuliosikia tulichukulia kuwa ni maneno ya jikoni.

Fundi akatoa jeti kubwa iliyokuwa na namba 120, akatia ya namba 110. Kisha akakihamisha kibanio cha sindano ya juu hatua moja kwenda juu, ili sindano ishuke na kubana njia ya petroli, akarekebisha na parafujo ya mnguruma wa polepole. Namba hizo ni za pikipiki ile. Nyingine huwa na zake, na zile mpya zisizo na kabureta, zenye mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta, aghalabu hujirekebisha zenyewe. Mpwa wetu alipanda kilima kile kile. Alirudi akitabasamu, mara ya kwanza tangu tufike. Baada ya mwendo wa nusu saa plagi ilifunguliwa tena, nayo ilikuwa imeanza kupata rangi ya mdalasini.

Jeti ya zamani fundi aliifunga kwenye karatasi, akampa onyo. Siku pikipiki itakaporudi pwani, ile 120 irudishwe. Ikiendeshwa Mombasa kwa jeti ya Kaptagat, petroli itakuwa kidogo kuliko hewa, plagi itakuwa nyeupe, na injini itaungua. Mke wa mpwa wetu ameihifadhi ndani ya kopo la iliki.

Lilibaki lile ambalo spana haliwezi kulitengeneza.

Sisi tunafundisha watoto Sura ya Al-Hujurat. Tunawaeleza kila mwaka makatazo yake juu ya dhana, na amri yake ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Tumeifundisha miaka zaidi ya 25, na siku ya mtihani tulishindwa kwenye simu ya dakika moja. Tulimwambia mpwa wetu kwamba mimba ya uvumi ule ilikuwa yetu, kwa hiyo tutakwenda pamoja.

Yule mama tulimkuta kibandani. Ni mjane kama dada yetu. Mpwa wetu alimwamkia, akamwekea shilingi 2,340 mezani, akamwambia maji yalitoka kwenye tangi lake mwenyewe. Nasi tukasema kwamba neno la mafuta ya taa lilitoka kinywani mwetu, tukiwa Mombasa, bila kujua lolote, na kwamba tunamwomba atusamehe. Alizihesabu zile fedha mara mbili. Kisha akatutazama.

"Mzee, pesa nimepata," alisema. "Lakini nilikuwa na wateja wawili wa kila siku, wakaenda. Si mimi wa kuambiwa. Waambie hao."

Alikuwa na haki. Kumwomba radhi aliyesingiziwa, faraghani, ni nusu ya njia. Walioambiwa uongo bado wanao. Tukaenda steji. Tulisimama mbele ya vijana wale na kanzu yetu na kilemba chetu, kile kile kilichofanywa ushahidi, tukawaambia kwamba tulisema tusilolijua na kwamba petroli ya mama yule tumeiona kwa macho yetu, ni safi. Mmoja wa wale wawili akasema, "Sawa, sheikh," akarudi kununua jioni ile ile. Wa pili alisema ameshazoea kwingine.

Tuliporudi Mombasa tulimweleza dada yetu yote, pamoja na sehemu yetu. Alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa dhahabu yake, kisha akasema, "Na nyinyi wanaume mngemsikiliza mke wa mwanangu, mngeokoa nauli." Hatukuwa na la kujibu.

Kwa familia ambazo riziki yao hupanda pikipiki, tunaacha haya machache. Kabla ya kumlaumu muuzaji au kununua kabureta mpya, anzia kwenye tangi ushuke chini. Pikipiki ikienda dakika kadhaa ikafa, fungua kifuniko cha tangi; ukisikia hewa ikivutwa ndani na ikawaka tena, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba. Ikiwaka kwa choki tu na kufa choki ikirudishwa, shuku jeti ndogo. Ikinguruma vizuri mahali ilipo lakini ikakosa nguvu ikivutwa, tazama jeti kubwa na chujio. Petroli ikidondoka chini ya kabureta na harufu ikajaa, sindano ya boya haifungi, na hiyo isiwashwe hadi itengenezwe. Jioni za baridi jaza tangi, na pikipiki ilale chini ya paa au turubai.

Kazi yoyote ya petroli ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, na mtu asiinyonye mpira kwa mdomo. Petroli isiwekwe kamwe nyumbani kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa kwa bahati mbaya, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu ikirudi juu huweza kuingia mapafuni. Na ukweli ni kwamba kununua petroli kwenye kituo chenye leseni ni salama zaidi kuliko kibandani. Mpwa wetu sasa hujaza kituoni anapofika Eldoret. Akipungukiwa njiani, hununua kwa yule mama, naye hulipa papo hapo.

Neno tulilolitoa barazani lilichukua dakika moja. Kulirudisha kumetugharimu safari ya kutoka baharini hadi mita 2,400 juu, na bado halijarudi lote, kwani yule mwendeshaji wa pili, hadi tunapoandika haya, hajarudi kibandani. Mpwa wetu tumemwachia kazi ya kumsemesha kila wiki. Mwenyezi Mungu atusamehe, na azilinde ndimi zetu na yale tusiyoyaona.

Wassalaam alaykum.